Aliniambia Tangu Mlangoni

Jumatatu ile nilikuwa bado nafagia mbele ya fremu yangu ya kutengeneza kompyuta, Barabara ya 12 hapa Ngamiani, Tanga. Mama mmoja wa Makorora akashuka kwenye bajaji na laptopu aliyoizungushia kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hii imekataa kuwaka tangu Ijumaa. Mpwa wangu aliitia dawa ya virusi, akaizima vizuri tu. Kuja kuiwasha asubuhi, ndiyo hivyo tena."

Nikamjibu kama ninavyowajibu wote: iache mama, uje jioni. Nikaendelea kufagia.

Alikuwa ameshanipa jibu lote kabla hata ya kuvua viatu.

Hii ni wiki ya tano, na maneno yake yale bado yananirudia usiku. Hayanirudii kwa sababu ya laptopu yake, kwani ilipona. Yananirudia kwa sababu ya nyingine, ya mtu mwingine, iliyopita mikononi mwangu mwaka 2016.

## Kiduara

Niliiwasha. Nembo ikatokea, kiduara kikazunguka weee, kioo kikageuka bluu, kikazima, nembo tena. Ikawa inakwenda na kurudi hivyo bila kufika popote.

Mafundi wenzangu mnajua mkono unaelekea wapi hapo. Unaelekea kwenye flashi ya Windows. Kupiga Windows upya, yaani kuifuta na kuiweka mpya, ni kazi ya saa moja, haishindikani, na mteja anaona pesa yake imekwenda wapi: mashine nyepesi, picha mpya, kila kitu kinang'aa. Kutafuta ugonjwa kunaweza kukumaliza siku nzima, na ukiupata mteja haoni jipya, anaona laptopu yake ya juzi. Bei ni ileile. Kwa hiyo tunafuta. Tumefuta sana mji huu.

Kwenye daftari la kazi nikaandika: Windows imekufa, kupiga upya, 20,000.

Bahati ni kwamba mama hakuondoka. Aliketi kwenye benchi akaniangalia.

"Jumamosi tunavunja, tunagawana," akasema.

Yeye ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, wanawake 28. Aliyewahi kukaa kwenye kikundi anajua uzito wa wiki ya kuvunja, sina haja ya kueleza. Nikamuuliza kama ana kopi ya mahesabu mahali pengine.

"Kopi gani tena, mwanangu? Vitabu vya wanachama vina hisa tu. Mikopo, riba, faini, nani kalipa nani hajalipa, vyote vimo humo."

Nikaiweka flashi chini.

## Imefungwa

Nilifanya ambalo ningepaswa kulifanya kwanza kwa kila mteja: nikafungua mfuniko wa nyuma, nikaichomoa diski, nikaichomeka kwenye kompyuta yangu ili ninakili mafaili kabla ya lolote.

Diski ikaomba ufunguo.

Laptopu nyingi za siku hizi, ukiziwasha mara ya kwanza na kuingia kwa akaunti ya Microsoft, zinaifunga diski zenyewe kwa BitLocker, kufuli la Windows, bila kumshirikisha mwenye mali kwa maneno anayoyaelewa. Kila siku anaingia kwa namba yake ya siri, hajui kama kuna kufuli. Kufuli analiona siku diski inapotolewa nje ya mashine yake, au siku kuwaka kunapokwenda mrama.

Hapo mwili ulinisisimka. Mwaka 2016 ukifuta diski kwa bahati mbaya na hujaandika kitu juu yake, kuna programu za kufukua. Hapa, baada ya kupiga Windows juu yake, hakuna programu ya kufukua chochote. Ufunguo wa zamani ungekwenda na diski ya zamani, na mwaka mzima wa wanawake 28 ungebaki takataka zisizosomeka.

Nilikuwa dakika kumi tu kutoka hapo.

"Mama, akaunti ya hii laptopu nani aliifungua?"

"Mpwa wangu. Yuko Horohoro."

Tukampigia. Kijana mstaarabu, akanisalimia vizuri, akasema aliitumia barua pepe yake mwenyewe kwa sababu shangazi yake hakuwa nayo. Nikamwelekeza aingie kwenye akaunti ile kwa simu na atafute ukurasa wa funguo za kurejesha. Mtandao ukamsumbua, akakata, akapiga tena. Kisha akaanza kunisomea: tarakimu 48, mafungu manane ya tarakimu sita sita. Yeye anasoma, mimi narudia, mama anaandika nyuma ya risiti ya luku. Mwadhini wa adhuhuri alitukuta fungu la sita. Tukanyamaza wote, akamaliza, tukaendelea.

Ufunguo ukakubali.

Nikairudisha diski mahali pake. Windows ya sasa ukiikatisha ikiwa inawaka mara mbili tatu, inaacha kujaribu na kukufungulia ukurasa wa matengenezo. Pale pana dirisha jeusi la kuandika amri. Nikaingia kwa ule ufunguo, nikanakili folda nzima ya mama kwenda kwenye flashi. Faili la kikundi lilikuwepo. Nikalifungua kwenye kompyuta yangu, nikamgeuzia kioo.

Alisoma majina yote kwa kidole, kuanzia la kwanza. Hakusema kitu. Alipomaliza aliivuta kanga yake begani akaniambia, "Sasa fanya utakavyo."

## Namba 4 na namba 8

Sasa nilikuwa na nafasi ya kutafuta ugonjwa bila woga, na ndipo nilipoyakumbuka maneno ya mlangoni. *Aliitia dawa ya virusi, akaizima vizuri tu.*

Nilimpigia kijana tena. Akanieleza kwamba laptopu ilikuja na antivairasi ya majaribio kutoka dukani. Muda wake ukaisha, ikawa inatoa onyo kila siku. Yeye akaona kwamba iliyoisha muda haifanyi kazi tena, akaweka nyingine ya bure juu yake.

Hilo la kuisha muda linawadanganya wengi, na lilinidanganya mimi miaka. Leseni ikiisha, kinachosimama ni masasisho na baadhi ya huduma. Draiva zake, vile vipande vyake vinavyofanya kazi ndani kabisa ya Windows, zinabaki na zinaendelea kuwaka kila asubuhi pamoja na mashine.

Draiva hizo haziko pale ambapo programu za kawaida ziko. Programu ya kuandikia barua ikianguka, inaanguka peke yake. Antivairasi imepewa nafasi kwenye kiini cha mfumo, inakaa katikati ya Windows na diski. Kila faili linalofunguliwa linapita kwake kwanza, likiwemo faili ambalo Windows inalihitaji ili iwake. Tangu Windows 8 kuna hata draiva ya kinga inayopakiwa mapema kuliko draiva nyingine zisizo za Windows yenyewe, ili izikague zinazofuata. Nia ni njema: kuna virusi vinavyojificha kwenye kuwaka. Lakini kitu kilichokaa hapo kikikosea, mashine haina pa kuegemea.

Sasa weka wawili. Huyu anafungua faili alikague, yule anaona faili linafunguliwa naye anataka kulikagua, na kila mmoja anamsubiri mwenzake. Defenda ya Windows yenyewe imefundwa adabu: ikiona antivairasi nyingine imejiandikisha, inakaa pembeni. Mbili za kampuni tofauti hazina makubaliano hayo.

Nikaingia kwenye orodha ya namna za kuwasha. Namba 8 inazima ile kinga ya mapema kwa mara moja tu. Nikabonyeza 8. Ikaganda palepale. Nilivunjika moyo kidogo, nikaanza kudhani labda ni diski kweli, labda ni ramu, labda nilikuwa najenga hadithi kwa sababu nataka iwe hadithi.

Nikabonyeza 4, sefu modi, ambapo Windows inawaka na vitu vya lazima tu.

Ikawaka.

Hiyo ndiyo dakika ninayowaomba mafundi wenzangu muiheshimu. Mashine ikiwaka kwa sefu modi na kugoma kwa kawaida, uzito wote wa shaka unahama. Diski inasomeka, ramu inatosha kuwasha, Windows yenyewe iko hai. Kinachoiua ni kitu kilichoongezwa juu yake. Kutoka hapo kupiga Windows upya ni sawa na kuvunja nyumba kwa sababu mlango umekwama.

Kuziondoa nako hakukuwa rahisi. Nilijaribu njia ya kawaida ikakataa, kwa sababu huduma ya Windows inayosakinisha na kuondoa programu nyingi haiamki kwenye sefu modi. Watengenezaji wenyewe wanajua hili, ndiyo maana karibu kila mmoja ana kifaa chake cha kujing'oa, kinachopakuliwa bure kwenye tovuti yake. Nikapakua viwili kwa kompyuta yangu, nikavipeleka kwa flashi. Nikaanza na ile ya karibuni, nikawasha upya, bado. Nikaondoa na ya zamani.

Kiduara kilizunguka mara tatu, nne, jina la mama likatokea.

Defenda ikarudi kazini yenyewe bila kuambiwa.

## Walinzi wakubwa zaidi

Usiku ule sikulala mapema. Nilisoma, na kadiri nilivyosoma nilizidi kuona kwamba haya hayakuanzia Makorora.

Tarehe 21 Aprili 2010, McAfee, watengenezaji wa antivairasi, walituma sasisho namba 5958. Kwenye Windows XP yenye Service Pack 3 likalitambua faili la svchost.exe kuwa kirusi. Faili hilo ni la Windows yenyewe, huduma nyingi zinapita humo. Antivairasi ikafanya kazi yake kwa uaminifu kamili: ikaliondoa. Kompyuta nyingi zikawa zinazima na kuwaka bila kukoma, nyingine zikapoteza mtandao, kwa hiyo hata sasisho la kurekebisha halikuweza kuzifikia. Desemba mwaka huohuo, sasisho la antivairasi ya AVG likaziangusha kompyuta za Windows 7 za biti 64, nazo zikawa haziwaki.

Ya 2024 wengi mnaikumbuka kwa viwanja vya ndege. Ijumaa tarehe 19 Julai, saa 1 na dakika 9 asubuhi kwa saa zetu, CrowdStrike, kampuni ya kinga za kompyuta, walituma faili dogo la mpangilio. Programu yao ilikuwa inapewa vitu 20, faili jipya likadai cha 21. Ikanyoosha mkono kwenye kumbukumbu mahali ambapo hapakuwa na kitu chake, na kwa kuwa inakaa kwenye kiini, Windows nzima ikaanguka nayo. Walilirudisha faili baada ya dakika 78. Microsoft walikadiria kompyuta milioni 8.5. Dakika 78!

Dawa yake ilikuwa ipi? Sefu modi, kuingia kwenye folda ya draiva, kufuta faili moja, kuwasha upya. Mashine moja baada ya nyingine, kwa mikono ya watu, na zile zilizofungwa kwa BitLocker zikaomba kwanza tarakimu 48.

Nilisimama hapo kusoma. Watu wenye vyumba vizima vya wataalamu walifanya kile nilichofanya mimi na mama na risiti ya luku. Hakuna aliyewaambia wapige Windows upya kompyuta milioni 8.5.

Msinielewe kwamba nasema watu wakae bila kinga. Mimi nimefanya kazi kwenye kafe miaka ile ambayo flashi ikichomekwa mara moja folda zote zinageuka njia za mkato, na mwanafunzi analia na ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo. Hofu yetu ya virusi ina sababu zake. Ila hofu hiyo ilitufanya tumwone kila mgonjwa ana virusi, na kila dawa ni nzuri.

Na mimi niliiuza hofu hiyo. Niliwahi kuwaambia wateja kwamba antivairasi mbili ni bora kuliko moja. Nilisema hivyo zaidi ya mara moja, kwa sauti ya mtu anayejua.

## Karani wa mkonge

Mwaka 2016 alikuja mzee mmoja wa Mabawa, kwa baiskeli, laptopu kwenye mfuko wa plastiki nyuma. Alikuwa karani kwenye shamba la mkonge enzi zake. Alisema, na sasa nayasikia maneno yake kama yamesemwa jana: "Tangu nilipoiwekea ile CD ya kuua virusi, haiwaki."

Mnaona.

Nilimuuliza kama ana vitu vya maana humo. Akasema, "Kuna maandishi yangu kidogo."

Nilikagua diski D, nikanakili vyote vilivyokuwemo, nikafuta C, penye Windows, nikapiga Windows 7 upya. Nikamwekea na antivairasi ya bure. Maandishi yake hayakuwa D. Alikuwa ameyaweka kwenye desktopu, mbele ya macho yake ili asiyapoteze, na desktopu iko C.

Alikuwa akichapa miaka mitatu, kwa vidole viwili. Majina ya wakata mkonge aliowaandika kwenye orodha za mishahara, walikotoka, nani alioa wapi, nani alikatika kidole kwenye korona, mashine ya kuchambulia mkonge, nyimbo walizoimba wakienda shambani. Alitaka wajukuu wake wasome.

Nilipomwambia hayapo, alikaa kimya muda mrefu. Kisha akatoa 20,000, akanihesabia.

"Basi, mwanangu. Mungu hakupenda."

Nikazipokea.

Sikubonyeza F8. Sekunde moja ya kubonyeza F8 ingenipa sefu modi na ingenionyesha kama Windows yake ni nzima. Sikujaribu kwa sababu nilikuwa na foleni, na kwa sababu maneno ya mzee asiyejua kompyuta hayakuingia kwenye hesabu yangu. Miaka yote hii nimeliita tukio lile bahati mbaya. Mama wa Makorora ndiye aliyeninyang'anya neno hilo.

## Mabawa

Jumamosi wale kina mama walivunja. Wiki iliyofuata nilichukua baiskeli nikaenda Mabawa, nikauliza kwenye duka la mkaa, nikaonyeshwa nyumba.

Yupo. Amepungua mwili, macho yamefifia, ila alinitambua kwa sauti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Fundi wa Barabara ya 12."

Nilikaa kwenye mkeka nikamweleza yote bila kuzunguka. Kwamba alinitajia chanzo mwenyewe nami sikumsikiliza, kwamba nilifuta bila kukagua, kwamba Mungu asisingiziwe kwa kosa langu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Nilikuambia," akasema.

"Uliniambia, babu."

Nikaweka 20,000 kwenye mkeka. Nilidhani atazirudisha, kama wazee wetu wanavyofanya. Hakuzirudisha. Alizichukua, akazikunja mara mbili, akazitia kwenye mfuko wa shati.

"Hizi nazichukua."

Kisha akamwita mjukuu wake, binti wa sekondari, akamwagiza alete laptopu kutoka uvunguni. Ilikuwa ndani ya mfuko uleule. Betri ilikwisha kufa zamani, tukaichomeka kwenye umeme, tukasubiri. Ikawaka polepole, feni ikilia. Windows 7 niliyoipiga mwenyewe, desktopu tupu, haina faili hata moja. Hakuwahi kuandika tena.

Binti akafungua ukurasa mpya wa kuandikia, akamwangalia babu yake. Mzee akajiweka sawa kwenye mto, akakohoa, akaanza na jina la mtu wa kwanza, Mbondei wa Muheza, mkata mkonge.

Binti hajamaliza mstari, kona ya chini kulia likachomoza dirisha dogo jekundu la ile antivairasi niliyoiweka mimi, likisema muda wa kinga umekwisha.

"Fundi," akaniita binti, "hiki nikibonyeze?"

"Subiri kwanza," nikamwambia. "Kila ulichoandika, kinakili kwenye flashi. Halafu nipishe hapo."